Wanga na Utumbo wa Watoto wa Nguruwe Walioachishwa Kunyonya: Mwongozo Kamili wa Kulisha hadi Kilo 25

Mtoto wa nguruwe anayeachishwa kunyonya akiwa na wiki tatu au nne hajawahi kuutegemea wanga. Maziwa ya mama yake yana mafuta, protini na sukari iitwayo laktosi, lakini wanga hayana. Kisha ghafla, ndani ya siku moja, anatengwa na mama, anachanganywa na wenzake asiowajua, na kuwekewa chakula ambacho karibu nusu ya uzito wake ni wanga wa nafaka. Kuhara kunapoanza siku chache baadaye, mfugaji hutazama baridi, maji na usafi wa banda, naye hufanya vyema. Lakini akifika kwenye chakula chenyewe, mara nyingi huuliza habari za protini pekee. Wanga, ambao ndio sehemu kubwa kuliko zote katika mchanganyiko, hupita bila kuulizwa. Mwongozo huu umejengwa juu ya swali moja ambalo mfugaji anapaswa kujiuliza kila anapopanga chakula cha wanyama hawa: wanga huu utamalizikia sehemu gani ya utumbo, na je, mnyama wa umri huu yuko tayari uishie hapo?

Hali ya utumbo baada ya kuachisha

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na vijidole vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula, na juu yake hukaa vimeng'enya vinavyomalizia kazi ya kuvunja sukari. Katika siku chache za kwanza baada ya kuachishwa vijidole hivyo hufupika sana, na huchukua takribani wiki mbili kurudi katika hali nzuri. Sababu kubwa ya kufupika ni njaa: mtoto ambaye hajala kwa saa 24 au 48 ana utumbo mtupu, na ukuta wa utumbo hulishwa kwa kiasi kikubwa na chakula kinachopita mbele yake, si na damu peke yake.

Wakati huohuo kongosho, ambalo hutoa kimeng'enya cha kuvunja wanga kiitwacho amilesi, lilikuwa likiongeza uwezo wake tangu mtoto azaliwe, lakini mshtuko wa kuachishwa hupunguza utoaji huo kwa siku kadhaa kabla haujapanda tena. Hivyo mnyama anapata wanga mwingi kwa mara ya kwanza katika siku zilezile ambazo ana vimeng'enya vichache na eneo dogo la kufyonza.

Wanga usiovunjwa katika utumbo mwembamba huingia utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria. Ukiwa kidogo na wa aina inayochachuka taratibu, bakteria huugeuza kuwa asidi za asetiki, propioniki na butiriki. Asidi ya butiriki ndiyo nishati inayopendwa na seli za ukuta wa utumbo mpana, na zote tatu hushusha pH (kipimo cha asidi; kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) na kuwabana bakteria wabaya kama Salmonella na aina za Escherichia coli zinazoharisha. Ukiwa mwingi na ukafika kwa ghafla, uchachu huenda kasi, asidi ya laktiki hujikusanya, maji huvutwa kuingia ndani ya utumbo, na kinyesi hulainika. Kiini kilekile cha chakula kinaweza kuwa tiba au chanzo cha ugonjwa, kutegemea wingi wake na siku kilipofika.

Aina za wanga

Wanga wote umejengwa kwa glukosi, lakini minyororo yake ni ya namna mbili. Amilosi ni mnyororo ulionyooka, unaojikunja na kushikamana, na vimeng'enya huupenya kwa shida. Amilopektini ina matawi mengi na huvunjwa kwa urahisi zaidi. Nafaka za kawaida zina amilosi ya asilimia 20 hadi 30 ya wanga wake. Ziko mbegu za nafaka ya nta ambazo karibu wanga wake wote ni amilopektini, na ziko mbegu maalumu za mahindi ambazo amilosi yake huzidi asilimia 50. Njegere nazo zina amilosi nyingi kuliko nafaka za kawaida.

Umbo la chembe lina uzito uleule. Chembe za wanga wa nafaka zina mpangilio wa ndani unaoruhusu vimeng'enya kuingia hata zikiwa mbichi, ilhali chembe za viazi mviringo vibichi na za ndizi mbichi ni ngumu, na sehemu kubwa yake hupita utumbo mwembamba bila kuguswa. Huo ndio unaoitwa wanga sugu. Usugu mwingine hutokana na kizuizi cha nje, kama punje isiyosagwa vizuri inapoufungia wanga ndani ya kuta za seli, au kama protini ya mtama inayoizunguka chembe. Upo pia usugu unaozaliwa jikoni: wanga uliopikwa na kuachwa upoe hujipanga upya, na sehemu yake hurudi kuwa ngumu kuvunjwa.

Hatua ya kwanza: zoeza utumbo kabla ya kuachisha

Anza kuwawekea watoto chakula cha kuanzia wakiwa na siku 10 hadi 14, bado wananyonya. Weka kidogo, mara kadhaa kwa siku, mahali pakavu ambapo mama hafiki, na uondoe kilichobaki kabla hakijaingia harufu. Wengi watachezea tu, na kiasi watakachomeza kitakuwa kidogo. Faida kubwa ni kwamba mtoto aliyekwisha kuonja chakula kikavu huanza kula mapema zaidi baada ya kutengwa, na hivyo kuepuka ule utumbo mtupu uliotajwa hapo juu. Tumia chakula kilekile utakachotumia wiki ya kwanza baada ya kuachisha. Kubadilisha mama na chakula siku moja ni mabadiliko mawili kwa pigo moja.

Hatua ya pili: chagua chanzo cha wanga cha siku 10 za kwanza

Kwa siku hizi lengo ni wanga umalizike wote katika utumbo mwembamba, na mapema. Mchele mweupe uliopikwa unafaa kuliko nafaka nyingine: kabla ya kupikwa una wanga wa takribani asilimia 75, una nyuzi kidogo sana, na haufanyi utelezi ndani ya utumbo. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Murdoch nchini Australia walionyesha kwamba nguruwe waliolishwa mchele uliopikwa pamoja na protini ya wanyama walipata kinga kubwa dhidi ya kuhara damu kunakosababishwa na Brachyspira hyodysenteriae. Majaribio ya baadaye mahali pengine hayakupata matokeo hayo kila mara, kwa hiyo mchele usichukuliwe kuwa dawa. Uchukuliwe kuwa wanga mwepesi.

Mahindi yana wanga wa asilimia 62 hadi 65 na yanafaa sana yakisagwa vizuri, na zaidi yakipikwa. Chengachenga za mchele zinafaa. Pumba hazifai katika siku hizi. Ngano inakaribia asilimia 60, lakini ina nyuzi zinazoyeyuka na kuufanya uji wa tumboni kuwa mzito na wa kuvutika, na shayiri ina tatizo hilohilo kwa sababu ya nyuzi zake ziitwazo betaglukani. Uzito huo huzuia vimeng'enya kuufikia wanga na huwapa bakteria wabaya muda wa kuzaliana, hivyo ukitumia nafaka hizi mbili ongeza vimeng'enya vya kiwandani, zailanesi kwa ngano na betaglukanesi kwa shayiri. Muhogo mkavu una wanga mwingi unaovunjwa kwa urahisi, ila sharti uwe umeondolewa sumu ya sianidi kwa kuchachushwa au kukaushwa vizuri, na kumbuka kwamba karibu hauna protini, kwa hiyo pengo hilo lazima lizibwe. Mtama wenye tanini uuache mpaka wanyama wakue.

Chochote utakachochagua, kikague kwanza. Nafaka yenye ukungu huumiza utumbo kwa sumu zake, na hakuna upishi wa nyumbani unaoziondoa.

Hatua ya tatu: saga na upike ipasavyo

Kusaga ndiyo kazi rahisi yenye faida ya haraka. Lenga chembe za wastani wa maikromita 500 hadi 600, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Punje iliyosagwa kwa ukubwa wa maikromita 900 au zaidi huacha wanga mwingi ukiwa umefungwa ndani ya vipande. Unga laini kama wa kuokea mikate nao hukwama kwenye chombo cha kulishia, hutoa vumbi, na ukitumika kwa muda mrefu huchangia vidonda vya tumbo. Kinu chenye chekeche yenye matundu ya milimita 2 hadi 3 kwa kawaida hukaribia lengo, mradi nyundo zake hazijalika. Osha kinyesi kidogo cha mnyama mmoja juu ya kitambaa: ukiona vipande vya nafaka vinavyotambulika, rudi kwenye kinu kabla ya kutafuta kasoro kwingine.

Kupika kunahitaji maelezo marefu kidogo. Chembe za wanga wa mahindi huvimba na kupoteza mpangilio wake kwenye joto la nyuzi 62 hadi 72 za Selsiasi, lakini ni pale tu yanapokuwapo maji ya kutosha. Kuchoma nafaka kavu hakuleti badiliko hilo kikamilifu. Mashine ya kutengeneza vidonge vya chakula hugusa sehemu ndogo tu ya wanga, kwa kuwa maji yake ni machache na muda ni mfupi, ilhali mashine inayosukuma chakula chenye unyevu kupitia tundu kwa joto na shinikizo kubwa (ekstruda) hubadilisha sehemu kubwa. Asiye na mashine anaweza kupika uji mzito. Pika nafaka peke yake: kilo 1 ya unga katika lita 3 za maji, ukichemka dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Usipike mchanganyiko mzima, kwa sababu joto huharibu vitamini, na sukari ya maziwa ikipikwa pamoja na protini huifunga laisini, mojawapo ya asidi za amino zinazojenga protini, isiweze kutumika. Virutubisho vya vitamini na madini, asidi za amino, unga wa maziwa na unga wa samaki vitiwe uji ukiwa umepungua joto hadi uvuguvugu.

Wafugaji wengi hukosea hesabu hapa. Kilo 4 za uji huo zina kilo 1 tu ya unga, kwa hiyo ukipima mchanganyiko wako kwa uzito wa uji pamoja na maji yake utakuwa umewapunja wanyama wanga na kuvuruga uwiano mzima. Hesabu daima kwa uzito wa unga mkavu ulioingia sufuriani. Uji uliwe siku hiyohiyo. Uji uliolala hujipanga upya na kuwa na sehemu ya wanga sugu, jambo ambalo lingeweza kuwa zuri wiki ya tatu, lakini uji huohuo pia umeanza kuchachushwa na bakteria usiowajua.

Hatua ya nne: shusha laktosi taratibu huku wanga ukipanda

Mtoto aliyeachishwa bado ana uwezo mkubwa wa kutumia laktosi, na hii ndiyo daraja la kuvukia kuelekea wanga. Kwa uzito wa kilo 5 hadi 7 weka laktosi ya asilimia 15 hadi 20 ya chakula. Kwa kilo 7 hadi 11 shusha hadi asilimia 7 au 10. Baada ya kilo 11 unaweza kuiondoa kabisa. Unga wa maji ya jibini una laktosi ya takribani asilimia 70, kwa hiyo kilo 20 zake katika kilo 100 za chakula hutoa laktosi ya asilimia 14. Kila laktosi inaposhuka, nafasi yake inachukuliwa na nafaka, na kila badiliko lifanywe kwa siku tatu au nne kwa kuchanganya chakula cha zamani na kipya. Unga wa maziwa ni ghali kuliko nafaka kila mahali, na kishawishi cha kuukata mapema ni kikubwa, lakini mnyama wa kilo 5 hula kidogo sana, na jumla ya unga huo kwa kichwa kimoja ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Hatua ya tano: punguza protini isiyomeng'enywa

Wanga na protini hukutana katika utumbo mpana. Bakteria wakipata wanga hutumia naitrojeni kujenga miili yao. Wakikosa wanga huvunja protini yenyewe, na mabaki yake ni amonia, amini na fenoli, ambazo huukera ukuta wa utumbo na kupandisha pH. Ndiyo maana chakula chenye protini ghafi ya asilimia 22 au 23 mara nyingi huandamana na kuhara. Shusha hadi asilimia 18 au 19 na uzibe pengo kwa laisini, methionini, threonini na triptofani za kiwandani. Jedwali la mwaka 2012 la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani linapendekeza laisini inayofyonzwa ya asilimia 1.50 kwa kilo 5 hadi 7, asilimia 1.35 kwa kilo 7 hadi 11, na asilimia 1.23 kwa kilo 11 hadi 25. Kushusha protini bila kuongeza asidi hizo ni kuwadumaza. Mashudu ya soya yaanze kwa kiasi kidogo na kupandishwa taratibu, kwa sababu baadhi ya protini zake huamsha kinga ya utumbo mchanga.

Hatua ya sita: ingiza wanga sugu kwa kipimo

Baada ya siku 7 hadi 10, mnyama akiwa anakula vizuri na kinyesi kimeshikana, ni wakati wa kuulisha utumbo mpana. Chanzo kinachojulikana zaidi ni wanga mbichi wa viazi mviringo. Baadhi ya majaribio yameutumia tangu siku ya kuachisha. Mimi napendelea kusubiri, kwa sababu katika siku za mwanzo wanga wa kawaida nao huponyoka na kufika utumbo mpana, na kuuongezea mwingine ni kujaza debe lililokwisha kujaa. Anza na asilimia 0.5 hadi 1 ya chakula, kaa siku tano ukitazama kinyesi, kisha upandishe hadi asilimia 3 au 5 hali ikiruhusu. Sioni sababu ya kuvuka asilimia 7. Nishati inayopatikana kwa uchachu ni pungufu kuliko ile ya glukosi iliyofyonzwa katika utumbo mwembamba, kwa hiyo kila asilimia inayozidi mahitaji ya utumbo hulipwa kwa ukuaji.

Tahadhari mbili ni za lazima. Wanga huu hupoteza usugu wake ukipashwa joto pamoja na maji, kwa hiyo ukiutia kwenye uji wa moto utabaki na wanga wa kawaida uliogharimia bure, na mashine ya vidonge yenye mvuke mkali nayo inaweza kuharibu sehemu yake. Pili, wanga mbichi wa viazi si sawa na viazi vibichi: kiazi kibichi kina vizuizi vya vimeng'enya vya protini, na kilichoota au kugeuka kijani kina sumu ya solanini. Unga wa ndizi mbichi uliokaushwa kwa joto dogo unaweza kushika nafasi ya wanga wa viazi, ukianza na viwango vilevile vya chini. Kiasi kidogo cha nyuzi zisizoyeyuka, kama maganda ya oti yaliyosagwa kwa asilimia 2, hushirikiana vizuri na haya yote kwa kusukuma chakula kisikae mahali pamoja.

Hatua ya saba: namna ya kulisha

Siku mbili za kwanza lisha kidogo mara tano au sita kwa siku, kwenye trei pana inayowaruhusu wote kula kwa pamoja kama walivyozoea kunyonya kwa pamoja. Chakula kikavu kilicholowekwa kwa maji vuguvugu mara mbili hadi tatu ya uzito wake huwavuta wale waliosusa. Gusa matumbo jioni ya siku ya kwanza na uwatenge walio na mbavu zilizobonyea. Chuchu za maji zitoe nusu lita au zaidi kidogo kwa dakika, na banda liwe na nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi wiki ya kwanza, kwani mnyama anayetetemeka hutumia wanga wake kujipasha joto.

Hatua ya nane: soma kinyesi kabla ya kubadilisha fomula

Kila asubuhi kipe kinyesi cha kila chumba alama ya 1 hadi 4: kilichoshikana, laini, cha uji, na cha majimaji. Alama 3 kwa siku mbili mfululizo inatosha kukufanya uchunguze. Chukua karatasi za kupimia pH. Kinyesi chenye pH chini ya 6, chenye povu na harufu ya uchachu, kinaashiria wanga au laktosi isiyofyonzwa. Chenye pH ya 8 au zaidi, cha majimaji, kinaashiria zaidi Escherichia coli inayotoa sumu. Kipimo hiki hakitaji ugonjwa kwa jina, kwani rotavairasi, kirusi kinachoharisha, nacho huharibu vijidole na kuacha kinyesi chenye asidi.

Kipimo cha pili ni tone la iodini ya dukani. Koroga kinyesi kidogo na maji, dondosha, na utazame: rangi ya bluu inayokaribia weusi inaonyesha wanga uliopita utumbo wote bila kuvunjwa. Ukiipata, kagua usagaji kwanza, kisha upishi, kisha uondoe wanga sugu kwa siku tano. Usipoipata usihitimishe kwamba kila kitu ni shwari, kwa kuwa wanga unaweza kuwa umefika utumbo mpana na kuliwa wote na bakteria kabla ya kutoka.

Mnyama anayehara apewe maji yenye chumvi na glukosi ya kurudisha maji mwilini huku akiendelea kupewa chakula chepesi. Kumnyima chakula kwa muda mrefu hufupisha vijidole zaidi. Damu kwenye kinyesi, homa, kope zilizovimba pamoja na kuyumbayumba, au vifo vya ghafla ni kazi ya daktari wa mifugo na maabara, na fomula isubiri. Umoja wa Ulaya ulikataza viuavijasumu vya kukuza wanyama mwaka 2006, na zinki oksaidi ya kiwango cha tiba katika chakula chao Juni 2022, na tangu hapo kazi ya kulinda utumbo imezidi kuegemea chakula chenyewe.

Kuelekea kilo 25

Kuanzia kilo 11 hivi amilesi si tatizo tena, na nafaka inaweza kutumika bila kupikwa mradi imesagwa vizuri. Shayiri na ngano zinaingia kwa sehemu kubwa zaidi, mtama pia, na wanga mbichi wa viazi unaweza kuondolewa kwa hatua, kwa sababu nyuzi za nafaka hizi zinatosha kuulisha utumbo mpana. Rudia kipimo cha iodini siku tano baada ya kuacha kupika. Rangi ikibaki ya kahawia, endelea na unga mbichi, na ikigeuka bluu, rudisha nusu ya nafaka kwenye sufuria kwa wiki moja kisha ujaribu tena.